Mpiga zumari aliyenasa mwanga usioonekana

Ukipita hapa Makutano, Meru, usiku, simama kwa muuza mahindi choma. Funga macho, sogeza mkono karibu na jiko. Huoni kitu, lakini ngozi inajua moto uko wapi. Joto hilo linalokufikia ni mwanga, ila macho yako hayawezi kuuona. Aliyeugundua mwanga huo hakuwa profesa. Alikuwa mwanamuziki, na chuo kikuu hakuwahi kusoma.

Jina lake ni William Herschel. Alizaliwa mwaka wa 1738 mjini Hanover, Ujerumani. Babake alipiga zumari katika bendi ya jeshi, na kijana naye akaingia bendi hiyo akiwa na miaka 14. Vita vilipochacha mwaka wa 1757, akavuka bahari hadi Uingereza, akaanza kujitafutia riziki kwa kunakili nota za muziki.

Kufikia 1766 alikuwa mpiga kinanda wa kanisa mjini Bath. Mchana alifunza muziki, usiku alijisomea hesabu na nyota. Alipokosa darubini aliyoitaka, aliamua kujitengenezea. Aliyeyusha shaba na bati nyumbani, akamimina kwenye kalibu ya mavi ya farasi, kisha akasugua kioo kwa mikono saa nyingi bila kupumzika. Dadake, Caroline, ndiye aliyemlisha akiendelea na kazi. Usimsahau Caroline: baadaye naye aligundua nyota zenye mkia, na mfalme akamlipa mshahara.

Usiku wa Machi 13, 1781, Herschel aliona kitu kilichosonga kati ya nyota. Alidhani ni nyota yenye mkia, kumbe ni sayari mpya, Uranus. Mfalme George III akampa pauni 200 kwa mwaka, akaachana na kufunza muziki.

Sasa hapa ndipo hadithi inanoga. Yeye na Caroline waliorodhesha mawingu ya mwanga kama 2,500 angani, ambayo mengi leo tunajua ni galaksi. Lakini kulikuwa na sehemu nyeusi tititi, hazina nyota. Herschel alidhani ni mashimo angani. Alikosea. Lilikuwa ni vumbi limetanda mbele ya nyota, vile lori likipita barabara ya murram huwezi kuona nyumba za ng'ambo.

Mwaka wa 1800 alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembe tatu, ukagawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua. Akapima joto la rangi hizo, kisha akaweka kipimajoto nje ya nyekundu, mahali hapana rangi yoyote. Hapo ndipo joto lilipanda zaidi. Mwanga huo ndio tunaita infraredi.

Alifariki Agosti 25, 1822, akiwa na miaka 83, bila kujua kwamba alishika ufunguo wa yale mashimo yake. Vumbi likinyonya mwanga wa nyota hupata joto, na joto hilo hutoka kama infraredi.

Mei 2009, Shirika la Anga za Juu la Ulaya lilirusha darubini ya infraredi yenye kioo cha mita 3.5, likaiita Herschel. Wataalamu walitafuta nukta zinazong'aa zaidi kwenye mawimbi marefu, kwa sababu mwanga wa mbali hurefuka njiani. Ndivyo walivyopata HFLS3, galaksi iliyojaa vumbi, ambayo mwanga wake umesafiri karibu miaka bilioni 13. Darubini nyingine, zikiwemo za redio, zikathibitisha umbali huo.

Na usidhani sisi hatumo. Desemba 12, 1970, setelaiti Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa baharini karibu na Malindi, ikawa ya kwanza kutumwa mahsusi kuchunguza anga kwa eksirei. Kila aina ya mwanga ina kipande chake cha hadithi.

Basi kama uliacha chuo kama mimi, usijitetee ati hata Herschel hakwenda. Jamaa alikesha na vitabu. Na leo stima zikipotea, kabla hujalalamika, toka nje uangalie ule ukanda mweupe wa nyota. Mabaka meusi utakayoona katikati yake si mashimo.