Petrović ni yule yule, kilichobadilika ni dakika

Toa simu, fungua kikokotoo. Gawanya 7.6 kwa 12.6. Unapata 0.60, sivyo? Hizo ndizo alama ambazo Dražen Petrović alifunga kwa kila dakika aliyokaa uwanjani msimu wa 1989-90, msimu wake wa kwanza NBA, akivalia jezi ya Portland Trail Blazers. Sasa gawanya 22.3 kwa 38. Unapata 0.59. Huo ni msimu wa 1992-93 akiwa New Jersey Nets, mwaka aliotajwa katika kikosi cha tatu cha wachezaji bora wa ligi nzima.

Niliacha chuo kabla sijafika mbali na takwimu, lakini kugawanya hakuhitaji digrii. Kule Portland msee alikuwa wa benchi. Kule New Jersey alikuwa staa. Na kwa kila dakika alikuwa anafunga karibu sawa.

Petrović alizaliwa 1964 mjini Šibenik, pwani ya nchi iliyokuwa ikiitwa Yugoslavia, leo Kroatia. Kakake Aleksandar pia alicheza vikapu. Dražen alikuwa mtu wa kuamka alfajiri kwenda kurusha mpira peke yake kabla ya shule, na alipofika miaka 15 tayari alikuwa kwenye timu ya wakubwa ya mji wao. Baadaye akahamia Cibona ya Zagreb, wakachukua ubingwa wa Ulaya 1985 na 1986.

Kuna namba moja ambayo mashabiki wake hawachoki kuitaja: alama 112 katika mechi moja ya ligi, Oktoba 1985. Tamu kusikia. Lakini wapinzani, Olimpija ya Ljubljana, siku hiyo walichezesha vijana wa timu ya chini. Mimi hiyo naiweka kando. Nikitaka kujua alikuwa hatari kiasi gani nacheki 62 alizofunga mwaka 1989 kule Athens, akiwa Real Madrid, kwenye fainali ya Kombe la Washindi dhidi ya Caserta ya Italia. Fainali, watu wazima, kombe liko mezani. Hapo sasa.

Portland walikuwa wamemchagua tangu 1986, nambari 60. Alipotua Marekani miaka mitatu baadaye alikuta nafasi zake mbili zina wenyewe: Clyde Drexler na Terry Porter. Na wacha tuwe wa haki, kocha Rick Adelman hakuwa mjinga. Timu ile ilifika fainali ya NBA 1990. Ukiwa unashinda, utamtoa nani ili umwingize mgeni kutoka Ulaya ambaye watu wanasema ni mzito kwenye ulinzi? Basi akapewa dakika 12.6 kwa mechi. Kisha Portland wakamleta Danny Ainge, naye ni wa nafasi hiyo hiyo, na dakika zikashuka hadi 7.4. Miezi ya mwanzo ya msimu wa 1990-91 aliingia mechi 18 pekee. Wastani wake: alama 4.4.

Ukiisoma hiyo 4.4 peke yake unaona mchezaji aliyeshindwa. Ligawanye kwa dakika na bado unaiona 0.59. Kama umewahi kutuma CV ukajibiwa huna uzoefu, na hao hao ndio wamekataa kukupa huo uzoefu, unaielewa stori hii bila kuwa shabiki wa vikapu.

Lakini hesabu ya kila dakika nayo ina mtego wake, na makocha wanaujua. Mtu anayecheza dakika 12 huingia na miguu mibichi, mara nyingi anakabana na wachezaji wa akiba wenzake. Mpe dakika 37, awekewe mlinzi bora wa wapinzani kila usiku, na wengi huporomoka. Tena alama hazikuambii ni wangapi walimpita kwenye ulinzi. Kwa hivyo ile 0.60 ya Portland haikuwa ushahidi wa mwisho. Ilikuwa sababu ya kumjaribu tu, na njia ya kujaribu ilikuwa moja: kumpa muda.

Aliomba kuondoka waziwazi, na Januari 1991 akapelekwa Nets. Timu mbovu wakati huo. Msimu uliotangulia ilikuwa imeshinda mechi 17 na kupoteza 65. Mbovu lakini ina nafasi. Msimu wa 1991-92 alianza mechi zote 82, dakika 36.9, alama 20.6. Kwa kila dakika alishuka kidogo hadi 0.56, mwaka uliofuata akarudi pale pale alipokuwa. Mitupo yake ya alama tatu iliingia zaidi ya asilimia 44 misimu yote miwili. Nets wakaingia hatua ya mchujo 1992, mara ya kwanza tangu 1986, na kiangazi hicho akaongoza Kroatia hadi fedha ya Olimpiki Barcelona, nyuma ya Marekani ya Michael Jordan pekee.

Hata hivyo, Februari 1993 hakuitwa kwenye mechi ya nyota wa NBA. Alama 22 kwa mechi na bado hakuitwa. Hiyo ilimuuma.

Juni 7, 1993, akitoka Poland kwenye mechi za timu ya taifa, aliamua kupita Ujerumani kwa gari badala ya kuendelea na ndege ya wenzake. Alikuwa abiria. Mvua ilikuwa inanyesha, na karibu na Ingolstadt gari likagonga lori lililokuwa limeziba barabara. Alikuwa na miaka 28.

Nets walistaafisha jezi yake nambari 3 mwaka huo huo, na 2002 akaingia kwenye Jumba la Umaarufu la mpira wa vikapu Marekani. Ukimtafuta mtandaoni leo utaletewa wastani wa mechi zake zote 290 za NBA: alama 15.4. Mechi 95 kati ya hizo ni za Portland, na nyingi aliingia wengine wakiwa wanapumzika.