Makhan Singh na Umoja wa Wafanyakazi

Wachukuzi wa mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika, kutoka Kigoma hadi hapa Kasingirima, ni watu wa asili nyingi: Waha, Wamanyema, Wabembe na wengineo. Ujira unapokuwa haba, njia nyepesi ya kuwatenganisha ni kumwuliza kila mmoja ametoka wapi. Kwa sababu hiyo yafaa tuyakumbuke maisha ya Makhan Singh, ambaye swali hilo lilimwandama tangu ujanani.

Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Nairobi mwaka 1927 kumfuata baba yake. Mwaka 1935, akiwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa Kihindi, alikifungua kiwe chama cha watu wa rangi zote. Mwaka 1937 chama hicho kiliongoza mgomo wa siku 62, na waajiri wakakubali kuongeza ujira. Alikwenda India, akatiwa kizuizini huko mwaka 1940. Aliporejea Kenya mwaka 1947, serikali ya kikoloni ilitaka kumfukuza kama mgeni, isifaulu.

Wakati huo Afrika Mashariki ilikuwa ikitokota. Wafanyakazi wa Mombasa waligoma Januari 1947. Wale wa bandari ya Dar es Salaam walifuata mwezi Septemba, na mgomo wao ukapanda bara kwa njia ya reli. Unguja nayo iligoma mwaka 1948. Mwaka 1949 Makhan Singh na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki, lakini serikali ikakataa kuliandikisha. Aprili 1950 akadai hadharani uhuru kamili wa nchi zetu. Mwezi uliofuata wote wawili walikamatwa, na Nairobi ikasimama kwa mgomo. Makhan Singh alizuiliwa kaskazini mwa Kenya hadi Oktoba 1961. Uhuru ulipofika hakupewa cheo kikubwa, wala hakuacha kuwatetea wanyonge. Alifariki mwaka 1973.

Kwa ndugu zetu wa visiwani na wa mwambao huu, maisha hayo yanafundisha kwamba mfanyakazi hapimwi kwa asili yake. Kwa viongozi wa Serikali, yanakumbusha kwamba kukinyima chama cheti hakuondoi madai ya wanachama wake. Wakoloni walifanya hivyo mwaka 1949, na mwaka mmoja haukupita kabla madai yaleyale hayajawafikia kwa njia ya mgomo. Ni heri kuwasikiliza watu wakiwa bado mezani.