Rose Mbowa: Mwigizaji aliyeipa Uganda sura ya mama

Rose Mbowa, mwigizaji, mwandishi wa tamthilia na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere, aliitumia sanaa ya jukwaani kuizungumzisha nchi iliyokuwa imezoeshwa kunyamaza. Kazi zake mbili zinazokumbukwa sana zinahusu jambo lile lile: mama na watoto wake. Katika ya kwanza, mama anahangaika kuwapatanisha wanawe. Katika ya pili, mama anawapoteza wote.

Mbowa alizaliwa Januari 1943, Uganda ikiwa bado chini ya himaya ya Uingereza. Katika ujana wake, Waafrika hawakuwa na nafasi kubwa katika kumbi za maonyesho za Kampala. Jumba la Taifa la Maonyesho lilifunguliwa mwaka 1959, miaka mitatu kabla ya uhuru, na kwa muda mrefu lilitawaliwa na vikundi vya wageni vilivyoigiza tamthilia za Kiingereza. Hata hivyo, nje ya mkondo huo, Wycliffe Kiyingi alikwisha kuanzisha kikundi cha wasanii Waafrika mwaka 1954 na kuandika tamthilia kwa Kiganda. Kwa hiyo kizazi cha Mbowa kilirithi majukwaa mawili: moja la lugha ya shule, jingine la lugha ya nyumbani.

Makerere ya miaka ya 1960 ilijaribu kuyakutanisha majukwaa hayo. Mwaka 1965 chuo hicho kilianzisha kikundi cha maonyesho ya kusafiri. Wanafunzi walizunguka Uganda na kuvuka hadi Kenya wakionyesha michezo bila kiingilio, kwa Kiingereza, Kiswahili, Kiganda na lugha nyinginezo za eneo hilo. Mbowa alisoma Makerere, kisha akaendelea na masomo ya juu ya sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Leeds nchini Uingereza. Alirejea Makerere akiwa mwalimu, lakini hakuacha kuigiza.

Wasanii waliozingirwa

Januari 1971 Idi Amin alitwaa madaraka. Mwaka huo huo Makerere ilifungua idara ya muziki, ngoma na maigizo, ambayo baadaye jina la Mbowa lilikuja kuhusishwa nayo sana. Idara ilizaliwa katika wakati ambapo neno moja la jukwaani liliweza kugharimu uhai. Mwanzoni mwa mwaka 1977 Byron Kawadwa, mkurugenzi wa sanaa wa Jumba la Taifa, alipeleka mchezo wake wa Oluyimba lwa Wankoko katika tamasha kubwa la sanaa za Waafrika mjini Lagos. Muda mfupi baada ya kurejea nyumbani, alikamatwa na kuuawa.

Waandishi wengine walikimbia. John Ruganda na Robert Serumaga, waliokuwa miongoni mwa vinara wa tamthilia ya Uganda, waliishia Kenya. Huko mashariki, Busia na Malaba karibu na Tororo, vituo vya mpaka viligeuka njia za wakimbizi wa kila aina. Mpaka huo uliwagawa watu wa ukoo mmoja, wakiwamo Wasamia na Wateso, lakini kwa aliyekuwa akiwindwa, hatua chache za kuuvuka zilikuwa tofauti kati ya uhai na kifo.

Baadaye Mbowa aliandika kitaaluma kuhusu kipindi hicho, akieleza jinsi tawala za kidikteta zilivyowazingira wasanii, na jinsi wasanii walivyotafuta upenyo. Palipokuwa hatari kusema waziwazi, fumbo lilisema, na fumbo liliposhindwa, mwili na ngoma vilichukua nafasi ya maneno. Maandishi yake ni miongoni mwa kumbukumbu muhimu za tamthilia ya Uganda ya miaka hiyo.

Mama Uganda na wanawe

Amin aliondolewa mwaka 1979, lakini vita havikukoma. Mapigano ya msituni yaliyoanza mwaka 1981 yaliiacha Luwero ikiwa makaburi ya halaiki, hadi Yoweri Museveni alipoingia Kampala Januari 1986. Mwaka uliofuata Mbowa alileta jukwaani mchezo wa Mama Uganda na Watoto Wake.

Swali lake lilikuwa zito: watu waliouana kwa misingi ya makabila wataishije tena katika nyumba moja? Mbowa hakulijibu kwa hotuba. Alitumia nyimbo na ngoma za jamii mbalimbali, akiziweka katika mchezo mmoja kama watoto wa tumbo moja. Katika nchi yenye lugha nyingi kiasi hicho, ambako mtu wa Lunyo huzungumza Kisamia na jirani yake wa Tororo huzungumza Kidhopadhola au Kiteso, ngoma ilikuwa na faida ambayo maneno hayakuwa nayo. Mtazamaji hakuhitaji mkalimani ili atambue kwamba mpigo fulani ni wa kwao, na kwamba ule unaoufuata ni wa jirani.

Mama wa pili

Mwaka 1995 Mbowa alicheza nafasi iliyompatia sifa kubwa zaidi. Tamthilia ya mwandishi Mjerumani Bertolt Brecht, aliyoiandika mwaka 1939 akiwa uhamishoni, ilifasiriwa kwa Kiganda na kuitwa Maama Nalukalala n'Ezzadde Lye. Inamhusu mwanamke mchuuzi anayefuata majeshi na gari lake la bidhaa wakati wa Vita vya Miaka Thelathini barani Ulaya. Vita vinamlisha, na vita hivyo hivyo vinamnyang'anya watoto wake watatu, mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho ni binti bubu, anayepigwa risasi kwa sababu alipiga ngoma kuuamsha mji usiojua kwamba adui yuko langoni.

Kwa watazamaji wa Kampala, hiyo haikuwa hadithi ya Ujerumani ya karne ya 17. Walikuwa wamewaona wanajeshi wakipita, wachuuzi wakijitafutia riziki katikati ya mapigano, na akina mama wakirudi nyumbani bila watoto. Mwigizaji aliyekuwa amempa Mama Uganda wajibu wa kuwapatanisha wanawe sasa alionyesha upande wa pili: mama anayeendelea na biashara huku vita vikiteketeza uzao wake.

Mbowa pia aliitoa sanaa nje ya kumbi za mjini. Alikuwa miongoni mwa watetezi wakuu wa tamthilia ya maendeleo nchini Uganda, ambayo huwashirikisha wanavijiji katika kutunga na kuigiza matatizo yao wenyewe, ili watakaotafuta ufumbuzi wawe wao.

Rose Mbowa alifariki dunia Februari 1999 akiwa na umri wa miaka 56, miaka minne tu baada ya kumwigiza Nalukalala. Aliacha wanafunzi wanaoendelea kuigiza na kufundisha, na swali alilowauliza Waganda kupitia mama wale wawili: je, watoto wa nyumba hii watasikia ngoma kabla adui hajafika langoni?