Mwenda Jean Bosco: gitare moja kutoka Likasi hadi Newport

Mwaka 1952, mzungu mmoja aliyekuwa anazunguka Afrika na mashine ya kurekodi muziki alifika Jadotville, mji wa migodi ambao leo unaitwa Likasi. Jina lake lilikuwa Hugh Tracey, na makao yake yalikuwa Afrika ya Kusini. Katika mji huo alimkuta kijana wa miaka 22 hivi anayeimba kwa Kiswahili na kupiga gitare peke yake, bila orkesta. Kijana huyo ni Mwenda Jean Bosco.

Nyimbo zilizorekodiwa wakati huo, zaidi sana ule unaoitwa Masanga, zilimfungulia njia hadi Nairobi, Marekani na Ulaya. Lakini tangu siku hiyo hadi kifo chake mwaka 1990, swali moja halikumwacha: je, mtu anayepiga peke yake muziki wa kwao anaweza kuishi kwa muziki huo?

Mwenda alizaliwa mwaka 1930. Alikuwa mtu wa Bunkeya, mji wa wafalme wa Bayeke, ambao sasa uko katika jimbo la Lualaba. Bayeke ni kabila ambalo mababu zake walitoka upande wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, wakafuata biashara ya shaba na pembe za ndovu katika karne ya 19. Mfalme wao Msiri ndiye aliyeuawa mwaka 1891 na msafara uliotumwa na Leopold II. Mwenda alijivunia asili hiyo maisha yake yote.

Alikulia katika Katanga ya makampuni ya migodi. Wafanyakazi walitoka Kasai, Rwanda, Rhodesia ya Kaskazini na vijiji vyote vya jirani. Kila mmoja alikuja na lugha yake na ngoma yake, lakini kazini na katika makambi walielewana kwa Kiswahili. Vijana walinunua gitare, wakasikiliza diski kutoka Cuba na kutazama sinema za cowboy. Kisha waliporudi kwenye gitare zao, walitafuta juu ya nyuzi zile sauti za vyombo vya mababu zao.

Mwenda alifanya hivyo kuliko wengine. Mkono wake wa kuume ulitumia vidole viwili tu: kidole gumba na kile kinachofuata. Gumba lilishika nyuzi nene, likapiga mwendo usiosimama. Kidole cha pili kilitembea juu ya nyuzi nyembamba na kutoa wimbo, mara nyingi kwa mapigo yasiyolingana na yale ya gumba. Sauti yake ya kuimba nayo ilishika njia yake. Mtu aliyesikia diski bila kumwona aliweza kuapa kwamba wapigaji ni wawili.

Masanga ulipata zawadi ya kwanza ya Osborn, iliyotolewa kwa muziki bora wa Kiafrika wa mwaka huo wa 1952. Diski zake zikaanza kuuzwa mbali na Katanga. Watu wa Kenya, Tanganyika na Rhodesia walizinunua, na kwa kuwa nyingi ziliimbwa kwa Kiswahili, hawakuhitaji mtu wa kuwatafsiria.

Mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, Mwenda alikaa kwa muda Nairobi. Ndugu yake Edouard Masengo, naye mpigaji gitare na mwimbaji mkubwa wa Katanga, pia alifanya kazi huko. Mwenda alisikika mara kwa mara kwenye redio, na vijana wengi wa Kenya walijifunza kwa kusikiliza. Walisimama karibu na redio na gitare mkononi, wakatafuta nyuzi moja baada ya nyingine. Hata sasa historia ya gitare ya vidole nchini Kenya haiwezi kuelezwa bila kutaja wanamuziki hawa wa Katanga.

Katika miaka hiyo hiyo, wataalamu nao walianza kumchunguza. Mwaka 1961 na 1962, David Rycroft alichapisha utafiti mrefu juu ya namna Mwenda anavyobuni anapopiga. Wimbo mmoja haukutoka sawasawa mara mbili. Alikuwa na vipande vyake vingi, na mbele ya watu alivipanga upya, akarefusha hapa, akakata pale. Ndiyo sababu konseri yake haikuwa marudio ya diski.

Nyumbani, mambo yalikuwa yanageuka. Uhuru ulikuja Juni 1960, na siku chache baadaye Katanga ikajitenga hadi Januari 1963. Muziki nao ulibadilika. Orkesta za Léopoldville, kama African Jazz na OK Jazz, zilijaza baa na redio kwa gitare za umeme, tarumbeta na nyimbo za Kilingala. Mtu mmoja na gitare yake ya mbao hakuweza kushindana na kelele hiyo. Mwenda alitafuta riziki kwa kazi nyingine, na baadaye akaongoza orkesta ya dansi iliyoitwa Super Shaba. Gitare ya mbao hakuiacha.

Mwaka 1969 aliitwa kwenye tamasha la Newport, Marekani, mahali wanapokutana wanamuziki wa asili wa pande nyingi za dunia. Huko hakuhitaji tarumbeta. Alipanda jukwaani kama alivyokuwa Likasi, na vidole vyake viwili.

Miaka michache baadaye, serikali ya Mobutu iliwaondolea raia majina ya kikristo. Jean Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Katanga ikaitwa Shaba. Kwa wengi jina jipya lilikuwa amri tu, lakini kwake lilirudisha mbele ukoo ambao tayari aliujivunia.

Mwaka 1979, Mwingereza John Low, ambaye alikuwa ameupenda muziki huu akiwa Afrika ya Mashariki, alisafiri hadi Shaba ili ajifunze kwa wazee wenyewe. Alimkuta Mwenda angali hai na angali anapiga, wakati wengi nje walimjua tu kwa diski za zamani. Mwaka 1982 Mwenda alizunguka Ulaya kwa konseri. Mwaka 1988 alikuwa Cape Town, Afrika ya Kusini, ambako alirekodi upya nyimbo zake. Kwa hiyo tuna Masanga ya kijana, na pia Masanga ya mtu mzima wa karibu miaka 60.

Safari yake iliishia barabarani. Mwezi wa tisa 1990, Mwenda alikufa katika ajali ya gari nchini Zambia. Alikuwa na miaka 60.

Rekodi za mwaka 1952 zinahifadhiwa katika maktaba ya muziki iliyoanzishwa na Tracey, ambayo leo iko Makhanda, Afrika ya Kusini. Wapigaji gitare wa Ulaya na Marekani bado wanaufanyia mazoezi wimbo wa Masanga, wakijaribu kutenganisha gumba na kidole cha pili. Wimbo huo ulitoka katika mji wetu wa migodi, ukaimbwa na mtu ambaye mara nyingi alipaswa kufanya kazi nyingine ili ale. Kijana wa Likasi au Lubumbashi anayetaka kujifunza gitare leo hahitaji kutafuta mwalimu mbali: mwalimu huyo aliimba kwa Kiswahili chake.