Hakuin Ekaku: Mantiki na Taswira katika Kutafuta Utambuzi

Hakuin Ekaku alizaliwa mwaka 1686 katika kijiji cha Hara, karibu na Mlima Fuji, nchini Japani. Ndiye anayehesabiwa kuwa mhuishaji wa madhehebu ya Rinzai ya Ubudha wa Zeni. Zeni huelezwa mara nyingi kuwa ni njia inayoitupa mantiki na kuukumbatia ubunifu. Maisha ya Hakuin yanadhihirisha kuwa suala hili si jepesi kiasi hicho.

Utotoni alisikia mahubiri juu ya mateso ya jahanamu. Tangu hapo hata mvumo wa moto wa kuchemshia maji ya kuoga ulimtia hofu. Hofu hiyo ndiyo iliyomwelekeza kwenye utawa, alioingia mwaka 1699. Baadaye kidogo aliisoma Sutra ya Yungiyungi, kitabu kinachotukuzwa sana na Wabudha wa Japani. Alitarajia hoja nzito. Alichokiona ni mifano na hekaya, naye akaidharau.

Hatimaye alishika koani, yaani kisa au swali ambalo mwanafunzi wa Zeni hulitafakari hadi hoja za kawaida zimwishie. Koani yake ilihusu jibu la kukana alilotoa mwalimu wa Kichina, Zhaozhou, alipoulizwa iwapo mbwa ana asili ya Ubudha. Mwaka 1708 mlio wa kengele ya hekalu ulimzindua, naye akajivuna kwa utambuzi huo. Mwaka huohuo mwalimu Shoju Rojin wa Iiyama alimkemea vikali na kumrudisha katika mafunzo.

Bidii iliyopita kiasi ilimletea maradhi: kichwa kiliwaka joto, miguu ikawa baridi, na moyo ukajaa wasiwasi. Katika kitabu chake Yasenkanna, kilichochapishwa mwaka 1757, anasimulia kuwa mtawa wa upwekeni aitwaye Hakuyu, aliyeishi milimani karibu na Kyoto, alimfundisha kuwazia donge la siagi laini juu ya utosi, likiyeyuka na kutiririka hadi nyayoni. Kwa zoezi hilo, asema, alipona. Watafiti wamebaini kwamba Hakuyu aliishi kweli, ila alifariki mwaka 1709, ilhali Hakuin anataja mwaka 1710 kuwa ndio waliokutana. Yaelekea, basi, kwamba hata simulizi ya tiba hiyo ina ubunifu ndani yake.

Mwaka 1726, akiwa mkuu wa hekalu la Shoinji kijijini kwao, aliisoma tena sutra ileile. Alipofikia sura ya mifano alisikia nyenje akilia, akaangua kilio. Hekaya alizozipuuza ujanani zilimfungukia, baada ya miaka mingi ya nidhamu ya koani.

Alifariki mwaka 1769. Aliwaachia wanafunzi koani ya sauti ya mkono mmoja, pamoja na michoro mingi ya wino yenye mzaha. Katika mafundisho yake, koani huichosha mantiki, na taswira huupumzisha mwili. Ama utambuzi wenyewe hauhakikishwi na lolote kati ya hayo mawili.