Oliver Winchester: Kutoka mashati hadi risasi moja ya silaha mbili

Ukiwa na tochi na redio vinavyotumia betri za aina moja, maisha huwa rahisi. Za tochi zikiisha, unachomoa za redio na safari inaendelea. Miaka 150 hivi iliyopita, wafugaji wa magharibi mwa Marekani walipata urahisi kama huo kwenye silaha zao. Mtu ambaye kiwanda chake kilifungua njia hiyo hakuwa mhunzi wala mwanajeshi. Aliitwa Oliver Winchester, na alikuwa akitengeneza mashati.

Mtoto wa mjane

Winchester alizaliwa Boston mwaka 1810. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo sana, na nyumba haikuwa na kitu. Alianza vibarua vya shambani akiwa mtoto, kisha akajifunza useremala, na baadaye akafungua duka la nguo za wanaume mjini Baltimore.

Dukani aliona kwamba mashati ya wakati ule yalivuta shingoni. Alibuni namna nyingine ya kuyakata, akapata hataza mwaka 1848, kisha akajenga kiwanda mjini New Haven na mshirika wake. Mashati yakamtajirisha.

Anunua kampuni inayokufa

Mwaka 1855 aliweka fedha katika kampuni ya bunduki iliyoitwa Volcanic. Bunduki zake zilipiga mara nyingi bila kujazwa upya, lakini risasi zake zilikuwa dhaifu, kwa sababu baruti ilikaa ndani ya tundu dogo la risasi yenyewe. Kampuni ikafilisika. Winchester akainunua mwaka 1857 na kumkabidhi kazi fundi hodari, Benjamin Tyler Henry.

Mwaka 1860 Henry alipata hataza ya bunduki iliyobeba risasi 16, zenye ganda la shaba na baruti ya kutosha. Ilikuwa mbali sana na gobore, ambalo baruti hushindiliwa mdomoni mwa mtutu kila unapotaka kupiga.

Lakini wawili hao waligombana. Henry aliona hakulipwa kwa haki, akajaribu kuichukua kampuni. Winchester akamzidi mbio. Mwaka 1866 aliunda kampuni mpya yenye jina lake, na Henry akabaki nje.

Ganda linalojazwa tena

Risasi za Henry zilikuwa na kasoro moja. Fataki, yaani kilipuzi kidogo kinachowasha baruti, ilipakwa ndani ya ukingo wa ganda. Ukishapiga, ganda ni la kutupa. Kwa mtu aliye mbali na duka, hiyo ilikuwa hasara kubwa.

Mwaka 1873 kiwanda cha Winchester kilitoa bunduki mpya na risasi mpya, inayojulikana kama .44-40. Namba ya kwanza ilitaja upana wa risasi kwa sehemu za mia za inchi. Ya pili ilitaja uzito wa baruti, karibu gramu 2.6. Fataki sasa ilikaa katikati ya kitako cha ganda, na ingeweza kutolewa na kuwekwa nyingine. Kampuni ikauza pia vifaa vya mkono vya kazi hiyo. Jioni, mfugaji aliweza kuyeyusha madini ya risasi na kuyamimina kwenye kalibu, kisha akayajaza upya maganda yake mwenyewe.

Kufikia mwaka 1878, kampuni ya Colt ilikuwa ikiuza bastola inayotumia risasi hiyohiyo. Mtu akawa na bastola kiunoni, bunduki fupi ya risasi 12 kwenye tandiko la farasi, na mkanda mmoja wa risasi kwa zote mbili. Katika bunduki, risasi ilitoka kwa kasi zaidi kwa sababu mtutu ni mrefu. Ila aliyejaza kwa mkono alilazimika kuheshimu kipimo. Silaha isiyostahimili nguvu ya baruti iliyozidi ingeweza kupasukia mkononi.

Upande wa pili

Urahisi huo ulikuwa na bei yake. Bunduki za Winchester ziliwafuata walowezi walioingia katika ardhi za wenyeji wa Marekani. Wenyeji nao walizipata. Mwaka 1876, kwenye vita vya Little Bighorn, baadhi ya wapiganaji wa Lakota na Cheyenne walikuwa nazo, huku askari wa Custer wakiwa na bunduki za kupiga risasi moja moja.

Winchester alifariki Desemba 1880, akiwa tajiri wa miaka 70. Miezi mitatu baadaye mwanawe William naye akafa kwa kifua kikuu. Henry, aliyebuni bunduki iliyomjenga Winchester, aliishi hadi 1898, na jina kubwa likabaki la tajiri wake.

Winchester mwenyewe hakubuni bunduki hata moja kati ya hizo. Kipaji chake kilikuwa kuona kinachomsumbua mtumiaji, iwe shati linalovuta shingoni au ganda la kutupa. Walionufaika walikuwa wengi, na walioumia pia.