MAMA WA VIWAVI: MARIA SIBYLLA MERIAN

Nilipoombwa niandike maisha ya mtu mashuhuri, wenzangu walidhani nitachagua mwanariadha au mwanasiasa. Mimi nimemchagua mama wa Kijerumani aliyefuga viwavi. Msicheke!

Chanzo ni kopo. Mwaka jana nilitia kiwavi wa sukumawiki katika kopo la Blue Band, nikawa namlisha majani kila nitokapo shule, nikingoja awe kipepeo. Wapi! Siku moja nilikuta vijinyigu vidogo mno vikirukaruka, na kiwavi wangu amebaki ganda. Nilidhani nimekosea mahali. Mwalimu wa Biolojia akaniambia kuna mama aliyeyaona hayo zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Basi nikamsaka vitabuni.

Maria Sibylla Merian alizaliwa Frankfurt tarehe 2 Aprili 1647. Babake, mchapishaji wa vitabu, aliaga dunia mtoto akiwa na miaka mitatu. Mamake aliolewa na mchoraji wa maua, na huyo baba wa kambo ndiye aliyemfunza kushika brashi. Alipokuwa na miaka 13 alianza kufuga viwavi wa hariri. Enzi hizo watu wengi, wasomi wakiwemo, waliamini kwamba wadudu huzuka tu kutoka matopeni na katika uozo. Binti huyu aliketi na masanduku yake, akaona kwa macho yake yai likiwa kiwavi, kiwavi akijifunga katika kifuko, kisha nondo akitoka.

Aliolewa mwaka wa 1665, akapata mabinti wawili. Mwaka wa 1679 alitoa kitabu chake cha kwanza cha viwavi, chenye picha 50. Hapo ndipo nilipomvulia kofia. Katika picha zake utaona mmea, kiwavi anayeula, kifuko chake na kipepeo wake, vyote pamoja. Alijua kwamba viwavi wengi huchagua chakula, na ukimnyima jani lake atakufa njaa. Tena alichora wale wadudu waliotoka miilini mwa viwavi badala ya vipepeo, kama walivyotoka koponi mwangu! Siku hizi twajua kwamba nyigu jike hutaga mayai ndani ya kiwavi, na watoto wake humla kutoka ndani. Huyo ni askari wa mkulima asiyedai mshahara. Hapa Kenya, mwaka wa 1993, wanasayansi wa kituo cha ICIPE waliwaachilia nyigu wa namna hiyo huko Pwani, wapambane na viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi. Lakini sisi shambani tunapuliza dawa tu, mwizi na askari wanakufa pamoja.

Ndoa yake ilivunjika, akahamia Uholanzi na mabinti zake. Mwaka wa 1699, akiwa na miaka 52, aliuza michoro yake akapanda meli na binti yake mdogo, Dorothea, hadi Surinam, koloni ya Waholanzi huko Amerika ya Kusini. Walowezi walimcheka. Mama mzima anatafuta vidudu badala ya sukari! Watumwa wa Kiafrika na wenyeji wa nchi ile ndio waliomfyekea njia msituni na kumletea viwavi. Majina yao hakuyaandika kitabuni, na hilo, jamani, linanikera mpaka leo.

Homa ilimrudisha Amsterdam mwaka wa 1701. Kitabu cha Surinam kilitoka 1705, kina picha 60. Katika picha moja buibui mkubwa anamla ndege. Zaidi ya miaka mia moja baadaye wasomi fulani walimwita mwongo, hadi Mwingereza Henry Bates alipoandika mwaka wa 1863 kwamba alimkuta buibui wa namna hiyo na ndege wake huko Brazil.

Maria alifariki Amsterdam tarehe 13 Januari 1717. Katika miaka ya 1990 Ujerumani ilitia sura yake kwenye noti ya marki 500, iliyotumika hadi pesa za Euro zilipoingia mwaka wa 2002.

Nami kopo langu liko dirishani. Safari hii nimetia kiwavi wa mlimau, yule anayefanana na kinyesi cha ndege. Mama keshauliza mara mbili kopo lake litarudi lini jikoni.